Naomba ushauri: nasoma kwa kujificha riwaya za matajiri wenye roho mbaya

Wadau, habari zenu. Jambo hili linanisumbua kweli.

Napenda mno riwaya za mapenzi za matajiri wenye kujisikia: mabinti wa majumba makubwa wanaoporana wachumba, bwana anayenunua hoteli nzima ili mwanamke mmoja akose chumba. Naanza saa tatu usiku, nikija kushtuka ni alfajiri. Mume wangu akiingia, nageuza simu kifudifudi.

Juzi nimesoma mahali mwanamke anamwacha mpinzani wake amesimama, yeye anavua glavu kidole kimoja kimoja, ndipo anamuuliza, "Nani amekufungulia mlango wa mbele?" Mwili ulinisisimka. Mimi ninayechukia dharau, inakuwaje naifurahia? Niache?

MwanaKurasa: Usiache, dada. Riwaya hizi hazikuanza jana. Mwaka 1782 Choderlos de Laclos, ofisa wa jeshi la Ufaransa, alitoa riwaya iliyoandikwa kwa barua pekee, kuhusu makabaila wawili wanaochezea mioyo ya watu, na hadi leo inasomwa. Edith Wharton, mwandishi wa Marekani, alizaliwa humo humo kwa matajiri wa New York, akawaandika bila kuwaonea haya. Mwaka 1921 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya riwaya. Unachofurahia ni kuchungulia nyuma ya pazia.

BiFaraja: Mimi natofautiana kidogo. Dharau ya glavu haina neno, kila msomaji anajua ni ubaya. Wa kumwogopa ni yule bwana anayempekulia mwanamke simu, anamfukuzia marafiki, kisha sura ya mwisho anaitwa mpenzi wa kweli kwa kuwa amelia mara moja. Nilizisoma hizo nikiwa na miaka 20. Nikapata mwanamume wa kunipigia kila nusu saa aniulize niko wapi, nikaona ndiyo mapenzi yenyewe. Nilikaa miaka 2 ndipo nikatoka. Bado nasoma, ila nikifika hapo najiuliza: huyu asingekuwa na fedha, tungemwitaje?

Mpole: Na mumeo mwambie tu. Wangu nilimsomea kipande kimoja, sasa yeye ndiye anayeuliza kama yule binti ameshavunja uchumba.

Mleta uzi: Asanteni sana. BiFaraja, pole kwa yaliyokupata, na umenigusa pabaya: huyo bwana wa hoteli ndiye niliyekuwa namshangilia. Usiku huu narudi sura ya kwanza nimtazame upya.