Asubuhi ya kupanda meli Durban na watoto wawili, naombeni ushauri

MamaWawili (Jumamosi, saa 2 usiku)
Habari zenu wapendwa. Humu huwa nasoma tu na kupita, lakini leo usingizi umenikataa, nimeona heri niulize.

Mimi na mume wangu tumejinyima miaka mitatu ili tuwapandishe watoto meli ya kitalii. Tunapandia Durban, usiku nne, inakwenda hadi Pomene kule Msumbiji na kurudi. Tunaruka kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, Alhamisi, si hii inayokuja bali ile ya pili, tunapitia Johannesburg na kulala Durban. Ijumaa tumepangiwa kuingia melini saa saba mchana.

Kinachonisumbua ni asubuhi hiyo ya Ijumaa. Hoteli wanataka chumba saa nne. Kuanzia saa nne hadi saa saba niko na watoto barabarani, wa miaka saba na wa minne, na mabegi. Niwalishe nini wasitapike? Tuende ufukweni au tukakae bandarini? Na kuna dawa ya kichefuchefu isiyo kali? Halafu pale mlangoni, wanauliza maswali ya afya au wanaangalia pasipoti tu?

Mzee wa Syokimau
Hongera mama. Miaka mitatu ya kujinyima si mchezo. Mimi ushauri wangu ni mmoja: msibebe birika la umeme wala pasi. Najua Mkenya na chai yake. Meli hizi haziruhusu kitu cha kuchemsha wala kupasha moto chumbani kwa sababu ya hofu ya moto. Shemeji yangu alibeba birika jipya kabisa, likatolewa begini mbele ya watu, akarudishiwa siku ya kushuka.

Mpwani Halisi
Dada, kwani Mombasa imewakosea nini? Kilindini kuna jengo la abiria wa meli za kitalii, na meli kubwa zinatia nanga pale. Pesa za Durban mngekula samaki Nyali wiki mbili.

Aliyeishi Durban
Nilisoma Durban, nijibu kilichoulizwa. Bandarini msiende mapema, jua ni kali na watoto watachoka kabla ya safari. Ombeni hoteli iwawekee mabegi hadi saa sita, hoteli nyingi hukubali. Nyinyi tembeeni ile njia ya ufukweni, Golden Mile, ni tambarare, mtoto anakimbia bila gari kumsogelea. Ukiifuata upande wa kusini unafika uShaka Marine World, na jengo la meli liko jirani tu, upande huohuo wa Point. Ila uShaka kwenyewe msiingie, saa mbili hazitoshi na mtatoka na watoto wanaolia.

Asubuhi wape mkate mkavu, ndizi na maji. Bunny chow mtakula siku ya kurudi. Ule mkate uliojazwa mchuzi wa viungo si wa tumbo linalokwenda baharini. Mabegi makubwa mtayaacha jengoni na yatafika chumbani baada ya saa kadhaa, kwa hiyo nguo za kuogelea, dawa na karatasi zote ziwe begi la mkononi. Na rudisheni saa nyuma kwa saa moja mkifika. Kuna watu hulisahau hilo.

MamaWawili
Asante sana ndugu, Mungu akubariki. Na lile la dawa na maswali ya afya?

Bi Mkubwa wa Buruburu
Tangawizi mbichi mwanangu, itafune. Nilivuka Dar kwenda Unguja nikiwa msichana, bahari ikachafuka, wanaume wazima wamelala chini kama magunia, mimi na kipande changu cha tangawizi nimekaa. Basi aliyekuwa pembeni yangu ndiye aliyekuja kuwa baba wa watoto wangu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nesi Kayole
Mama, maswali mawili ya mwisho umeyauliza mara mbili. Dawa "isiyo kali" na maswali ya afya mlangoni. Dawa ni ya watoto au ni yako? Nauliza kwa nia njema.

MamaWawili (saa 4 usiku)
Ni yangu.

Haya, niseme. Nina ujauzito. Sikutaja kwa sababu sikuona unahusu asubuhi ya Ijumaa. Daktari amesema naweza kupanda ndege, mtoto anacheza vizuri, pressure iko sawa. Nasikia meli zina masharti kuhusu wajawazito lakini tumbo langu ni dogo, huyu wa pili hakuna aliyejua hadi mwezi wa saba. Nitavaa dera. Tumeshalipa kila kitu na pesa hazirudi. Watoto wanahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo tafadhali msiniambie nisiende, nisaidieni tu na asubuhi.

Mpwani Halisi
Mimi nimezaliwa Likoni. Ule mwaka wa 1994 feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya mia mbili na sabini nilikuwa mtoto, lakini vilio vya mtaani mwetu ninavyo masikioni hadi leo. Bahari haina dera. Mama mjamzito abaki nchi kavu.

Kijana wa Umoja
Kaka, ile ilikuwa feri iliyojaa kupita kiasi. Usimtishe dada wa watu.

Nesi Kayole
Tuache kuzama. Mama, una wiki ngapi? Si miezi, wiki.

MamaWawili
Miezi mitano hivi.

Nesi Kayole
Wiki, mamangu. Chukua kile kitabu chako cha kliniki, fungua ukurasa wa mahudhurio, angalia mstari wa mwisho.

MamaWawili
Jumatano iliyopita wameandika wiki 20 na siku 3.

Nesi Kayole (saa 5 usiku)
Basi tuhesabu pamoja. Kutoka Jumatano hiyo hadi Ijumaa ya meli ni siku 16. Utapanda ukiwa na wiki 22 na siku 5. Jumanne ya kushuka utakuwa na wiki 23 na siku 2.

Sasa sikiliza. Meli nyingi mstari wao ni wiki 24, na wanahesabu siku ya kushuka, si ya kupanda. Lakini maneno hutofautiana. Kampuni moja inasema hapandi "aliyetimiza wiki 24". Nyingine inasema hapandi "aliyeingia wiki ya 24". Ukitimiza wiki 23, siku hiyohiyo tayari uko ndani ya wiki ya 24. Tofauti ya maneno hayo mawili ni siku saba, na wewe umeangukia katikati ya hizo siku saba. Kwa maneno ya kwanza unapanda ukiwa na barua ya daktari. Kwa maneno ya pili unarudishwa ukiwa mlangoni, watoto wakiangalia.

Na ujue kwa nini wameweka 24. Si chuki. Kuanzia wiki hizo, uchungu ukija mapema mtoto anaweza kuzaliwa akiwa hai, lakini anahitaji mashine ya kupumulia na madaktari wa vichanga. Kliniki ya meli haina. Pomene ni ufuo wa mbali, hospitali kubwa haiko karibu. Nimefanya kazi wodi ya kujifungulia miaka tisa. Nimemshika mikononi mtoto wa wiki 25, ngozi yake unaona mishipa kama karatasi imewekwa juu ya taa. Alipona kwa sababu mama yake alikuwa dakika kumi kutoka hospitalini.

Kuna lingine ambalo halijatajwa: Msumbiji kuna malaria, na sisi wa Nairobi kinga yetu ni ndogo. Malaria na mimba ni maadui. Ukidanganya kwenye fomu ya afya, hata daktari wa meli atakutibu asichokijua.

MamaWawili
Mnaongea kama sijawaza haya. Nimelia wiki nzima. Mume wangu hajui kuhusu hiyo 24, nilimwambia nimeuliza wakasema sawa. Miaka mitatu sijanunua hata viatu. Mimba hii haikupangwa, tulikata tiketi kabla sijajua. Kama barua ya daktari itatosha, kwa nini nisijaribu?

Wakili wa Mtaani
Samahani, naona watu mmeingizwa mjini. Jina limefunguliwa wiki hii, uzi wa kwanza, na ndani yake kuna Durban, Pomene, usiku nne, saa ya kuingia. Nyumba ngapi Nairobi zinapanda meli ya kitalii? Hii ni hekaya ya wakala wa safari. Kesho atakuja mwingine aseme "namba ya wakala naomba".

Kijana wa Umoja
Hata mimi nilishangaa. Mume hajui, dera, kalenda ya kalamu nyekundu... imekaa kitamthilia.

Mtoto wa Tanga
Kwetu tunasema hii ni chai, tena ya maziwa. Ila wakala gani anatangaza safari kwa kusema utarudishwa mlangoni?

Mzee wa Syokimau
Mimi naogopa kumhukumu. Mwaka juzi kijana aliandika hapa kwamba amekwama na mgonjwa, tukamwita mwongo, baadaye tukachangia mazishi. Heri nidanganywe kuliko nimfukuze aliyekwama.

Wakili wa Mtaani
Basi atoe kitu ambacho wakala hawezi kukijua.

MamaWawili (Jumapili, saa 12 asubuhi)
Sina haja ya kumthibitishia mtu, lakini nimeamka na nimekaa sebuleni, niwaambie ninachokiona. Masanduku mawili yako ukutani, la buluu zipu yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mdogo amelala kwenye kochi na maboya yake ya mikono, yale ya rangi ya chungwa, ameyavaa tangu jana mchana na kukataa kuvuliwa. Moja limeanza kupoteza upepo. Mkubwa amechora meli, amenichora mimi juu ya paa la meli, mkubwa kuliko bomba la moshi. Nilijiunga wiki hii kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza.

Na nimesoma masharti, Nesi. Nimeyatafuta kwenye barua pepe usiku wa manane. Imeandikwa "aliyeingia wiki ya 24".

Nesi Kayole
Pole sana mamangu. Pole mno.

Wakili wa Mtaani
Dada, nimekosa. Nisamehe. Kazi yangu kweli ni sheria, kwa hiyo niruhusu nikusaidie mahali ninapoweza. Mwambie mume leo, kabla ya chai. Kesho muwaandikie wakala mkiambatanisha barua ya daktari, muulize mambo mawili: kusogeza tarehe, au kubadilisha jina la abiria mmoja. Pesa kutorudi si lazima maana yake jina halibadiliki.

MamaWawili (Jumapili, saa 10 jioni)
Nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, akatoka nje, akarudi na mandazi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza zaidi.

Wakala alipokea simu ingawa ni Jumapili. Kusogeza tarehe, tungepoteza tiketi zote nne za ndege. Kubadilisha jina la abiria mmoja melini inawezekana kwa malipo kidogo, ndege tutanunua moja upya. Mdogo wangu wa kike ana pasipoti, aliitoa kwa ajili ya kazi ya Qatar ambayo haikutokea. Mume anataka tuahirishe wote. Mimi nataka waende. Sijui kama ni sawa.

Aliyeishi Durban
Kama mdogo wako anakwenda, ana chanjo ya homa ya manjano? Afrika Kusini wanaidai kwa anayetoka Kenya, na cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Akichomwa kesho Jumatatu, siku ya kumi ni Alhamisi mnayoruka. Akichomwa Jumanne amechelewa. Aende City Hall asubuhi na mapema, na pasipoti mkononi.

Wakili wa Mtaani
Na kwa kuwa watoto watasafiri na baba peke yake, andika hati ya kiapo kwamba umeridhia, iambatane na vyeti vyao vya kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chako. Maafisa wa uhamiaji wa Afrika Kusini wanaweza kuidai. Niandikie faraghani, nitakuandikia bure.

Bi Mkubwa wa Buruburu
Wewe siku hizo njoo Buruburu ukae kwangu. Usibaki nyumba tupu ukihesabu saa.

MamaWawili
Asanteni. Kesho saa moja tutakuwa City Hall, mimi na mdogo wangu. Anaogopa sindano kuliko bahari.

Ndugu uliyeishi Durban, naomba uniandikie tena ile ya asubuhi, polepole, kama unamwandikia mwanamume ambaye hajawahi kumsuka mtoto nywele. Mkate mkavu, ndizi, halafu?

Aliyeishi Durban
Halafu maji, kidogokidogo. Mabegi yabaki hoteli hadi saa sita. Mdogo asivuliwe maboya, aende nayo ufukweni. Na amsuke mabutu mawili usiku wa Alhamisi, asubuhi hatakuwa na muda.