Tupeane uzoefu: umewasha kompyuta, ikoni zote hazipo

Baba_Umoja: Wadau, binti yangu amewasha kompyuta ya mezani, Windows 10. Picha ya nyuma ipo, upau wa chini upo, lakini ikoni hakuna hata moja. Jirani ananishauri niipeleke mjini ifomatiwe. Nani amewahi kukutwa na haya?

Kipanya_Kayole: Usifomati! Bofya kulia mahali patupu, ingia View, uangalie kama "Show desktop icons" ina tiki.

Shiru: Au Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, tafuta Windows Explorer, bonyeza Restart. Kwangu hiyo hutosha.

Mama_Saiba: Mmenikumbusha 30 Juni. Wenye saiba, maduka ya intaneti, mnaijua siku hiyo: mwisho wa ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, foleni hadi kwenye ngazi, kila mtu ana PIN ya kodi ila nywila ameisahau. Jioni stima ikapotea. Iliporudi, mashine kubwa, ile yenye printa, ikafunguka tupu. Folda za wateja hakuna, programu ya kuskani hakuna. Na kulikuwa na kijana wa chuo ambaye tasnifu yake tulikuwa tukiipiga chapa humo. Aliketi sakafuni katikati ya watu, hasemi. Fundi aliyeitwa hakuuliza kitu, akasema diski imekufa, anafomati. Nikamwambia toa mkono kwenye kibodi. Nilikuwa nimeona ujumbe pembeni ya skrini kwamba tumeingia kwa profaili ya muda.

Fundi_Luthuli: Dada, si mafundi wote ni hivyo. Mimi sifomati kabla ya kunakili data ya mtu.

Kipanya_Kayole: Hakuna aliyekutaja, ndugu.

Fundi_Luthuli: Ametaja fundi. Mimi ni fundi. Watu wakisoma haya wanakuja dukani wakiwa tayari wamenishuku.

Shiru: Jamani, Mama, tasnifu ilipatikana? Usituache hapo!

Mama_Saiba: Ilipatikana. Nilifungua diski C, kisha Users. Kulikuwa na folda ya TEMP, na kando yake ile yetu ya siku zote, imejaa vile vile. Windows ikishindwa kusoma profaili yako inakuingiza kwenye ya muda, na chochote utakachohifadhi humo kinafutika ukitoka. Kwa hiyo tulinakili tasnifu kwenye flashi kwanza, ndipo tukazima na kuwasha upya. Deskitopu ikarudi yote. Yule kijana alilia, na mimi nikalia naye.

Shiru: Mungu ni mwema.

Pengwini_Roysambu: Hameni Windows mje Linux, mfumo endeshi huria.

Fundi_Luthuli: Kwani huko ikoni hazipotei?

Pengwini_Roysambu: Hupotea, lakini unaona sababu. Kila kizinduzi, yaani ikoni ya kufungulia programu, ni faili ya maandishi yenye mwisho wa .desktop, ndani ya /usr/share/applications au ~/.local/share/applications. Mstari wa Exec unaita programu, wa Icon unaita picha. Programu ikihamishwa, rekebisha Exec. Picha ikikosekana, rekebisha Icon. Kizinduzi ni kibao cha duka tu. Kikiangushwa, duka bado lipo. Ila mjue kwamba kwenye GNOME, mazingira ya deskitopu ya Linux, tangu toleo 3.28, mwaka 2018, kidhibiti faili chake hakiweki tena ikoni kwenye deskitopu. Hapo hakuna kilichoharibika, ongeza kiendelezi.

Fundi_Luthuli: Mzee ameuliza Windows 10.

Mwalimu_Rongai: Kama ni flashi ndiyo faili zimetoweka, huenda ni kirusi kimezificha. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, uandike attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi hiyo, kisha uiskani kwa antivirusi.

Baba_Umoja: Kipanya, asante sana. Tiki haikuwepo. Nimeiweka, zimerudi, lakini baadhi ni karatasi nyeupe.

Kipanya_Kayole: Bofya kulia hiyo nyeupe, Properties, usome Target. Kama faili inayotajwa haipo, sakinisha programu upya.

Baba_Umoja: Ipo.

Fundi_Luthuli: Basi huenda ni kashe ya ikoni, yaani nakala za picha zake ambazo Windows huhifadhi. Fungua Command Prompt kwanza, halafu funga Explorer kwenye Task Manager. Kwenye Command Prompt hiyo, nenda %localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer, ufute faili zinazoanza na iconcache pekee, kisha andika explorer. Windows itaziunda tena yenyewe. Usilipe mtu kwa hilo, mzee.