Hita ya lita 50 ilikaa miezi bila kuwashwa: niifanyeje kabla baridi ya Njombe haijakolea?

Mgeni wa Njombe
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Njombe mjini kikazi nikitokea Dar. Wenyeji wananicheka nikilalamika, wanasema huu ni utangulizi tu, Juni na Julai ndiyo nitaelewa. Mama anakuja mwisho wa mwezi, miguu inamsumbua, sitaki ahangaike na ndoo.

Nyumba niliyopanga ina hita ya ukutani, wati 1500. Jumamosi nimeiwasha: inaunguruma kama sufuria ya maharage, maji ya kwanza yametoka rangi ya chai, na ile valvu ndogo ya chini inadondosha muda wote inapochemsha. Fundi aliyeletwa na mwenye nyumba anataka kuiziba kwa plagi. Nimemwambia asubiri kwanza. Nimekosea?

Fundi Mstaafu
Hujakosea, na huyo fundi asirudi. Hiyo ni valvu ya usalama. Maji yakipata moto yanatanuka: lita 50 kutoka nyuzi 12 hadi 60 zinaongezeka kama mililita 800, na hayawezi kurudi bombani kwa sababu valvu hiyohiyo inayazuia. Yatokee wapi? Ukiiziba, halafu siku moja themostati (kidhibiti joto) igome kukata umeme, umemtundikia mama bomu kichwani. Swali: ikiwa imezimwa na imepoa, inadondosha?

Mgeni wa Njombe
Haidondoshi. Inapochemsha nilikinga kwa chupa ya nusu lita, ikajaa ikamwagika.

Fundi Mstaafu
Basi ni nzima. Ifungie kimpira kipeleke maji nje.

Parachichi Tupu
Huo mngurumo ni tope limeganda kwenye elementi, yaani ile koili inayochemsha maji. Mwaka jana nilifungua yangu, nikachota vikombe viwili vya tope jekundu. Zima breka, siyo swichi peke yake. Funga maji yanayoingia, fungua bomba la moto, inua kijiti cha valvu, tank imwage. Ukiacha maji humo utaoga na viatu. Kisha fungua nati za chini utoe elementi. Pembeni yake kuna fimbo ya magnesi, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tank. Yangu ilibaki waya kama kijiti cha mshikaki. Badilisha, na gasketi (mpira wa kuzuia kuvuja) pia, ile ya zamani haikubali kukaza mara ya pili.

Kijana wa Mji Mwema
Mnamchosha bure. Jiko la mkaa, sufuria, mama anaoga.

Mama Wawili
@Kijana, wewe ndiye utakayeamka saa kumi na moja kuwasha huo mkaa?
Mleta mada, angalia luku. Tank zima ni karibu uniti 3, muda kama saa mbili. Ukichemsha kila siku ni 90 kwa mwezi, na kama ulikuwa kwenye tarifu ndogo, ile ya bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, umeshatoka. Mimi nawasha saa kumi na mbili jioni, nazima tukimaliza kuoga. Ila usiteremshe themostati hadi 40 kwa kubana uniti, vijidudu vinapenda maji ya vuguvugu. Weka 60, changanya na ya baridi.

Mwana Makete
Bomba linalopita nje ulivalishe sponji. Huku kwetu asubuhi ya sakitu majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, bomba lisilovalishwa kitu linapoza maji kabla hayajafika bafuni.

Fundi Mstaafu
Elementi ikiwa nje, pima kwa mita. Ncha kwa ncha upate kama ohm 35. Ncha na bati la nje isisome kitu kabisa. Ikisoma, tupa, ndiyo zinazopiga watu shoti bafuni. Waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) uwepo kweli, usiamini rangi tu. Ukirudisha, jaza maji hadi bomba la moto litoe bila kukohoa, NDIPO uwashe. Elementi ikiwaka kavu haimalizi dakika nyingi.

Mgeni wa Njombe
Mrejesho wa Jumapili: tope limetoka ndoo nusu! Mita imesoma 36, bati halisomi kitu. Fimbo ya magnesi imeisha kabisa. Nimekwama kwenye gasketi, maduka mawili ya hapa mjini hawana ya saizi yangu. Aliye Makambako anaweza kuniulizia?