Nafasi za utafiti likizo ndefu: naanzia wapi?

Mchanga wa Mikindani: Wadau, nasoma shahada ya biolojia, mwaka wa pili, nyumbani Mtwara. Nataka nafasi ya utafiti likizo ndefu, ndani au nje ya nchi. Naanzia wapi?

Shangani77: Zile za Marekani ziitwazo REU (utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza), zinazofadhiliwa na NSF, wakala wa serikali yao wa kufadhili sayansi, ziache: nyingi ni za raia na wakazi wa kudumu wa kule. Tazama OIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichopo Okinawa, Japani. Wanapokea mataifa yote.

Bi Msimbati: Mdogo wangu, usiiruke Naliendele iliyo mlangoni kwako. TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, pale wanatafiti korosho, ufuta, karanga. Ila usiandike "naomba nafasi yoyote", barua hiyo haina wa kuipokea. Andika: "Nataka kujifunza kupima ukali wa ubwiriunga kwenye maua ya mikorosho." Ugonjwa huo hushika mikorosho ikichanua, na likizo yenu inaangukia humo humo. Barua ukurasa mmoja, matokeo ya mitihani, utambulisho wa chuo. Basi.

Shangani77: Kinachoangusha wengi ni barua ya mwalimu. Mwombe aliyekuona maabara, si mwenye cheo kikubwa, na mpe wiki 4 pamoja na maelezo ya programu. Halafu saa ya mwisho ya kutuma maombi ya nje ni ya kwao! Okinawa wametutangulia saa 6; saa 6 usiku kwao, Mtwara ni saa 12 jioni.

Mchanga wa Mikindani: Shikamoo Bi Msimbati, ahsanteni. Barua ya Naliendele naianza leo.