Nimeitiwa NYAU mbele ya renji nzima kisa leza kwenye bastola. Jina silitaji, mnamjua

Wakuu habari za muda huu, au basi msinijibu, sina hali nzuri. Naandika mkono unatetemeka na safari hii triga haihusiki.

Mnamjua. Yule wa suruali yenye mifuko mpaka kwenye visigino, anayeanza kila sentensi na "sisi wa zamani". Mtu ambaye ukiweka zote katikati anakwambia upepo umekubeba, na hapo mko ndani, kuta nne na paa juu. Huyo huyo.

Leo niko zangu pembeni pale renji, kule tunakofanyia shabaha, bastola tupu, magazini nje, chemba nimeikagua kwa macho na kwa kidole, risasi zote ziko kwenye begi kule mlangoni. Nimefunga leza chini ya mtutu, navuta triga kavu, yaani bila risasi, naangalia doti ukutani. Sijamgusa mtu, sijamuuliza mtu kitu. Akaja akasimama nyuma yangu. "Hebu nione." Nikampa kwa heshima ya umri. Sasa mnajua alichofanya? Kaielekeza chini, kaanza kuchezesha ile doti nyekundu kwenye sakafu huku kainama kidogo anaita NYAU. NYAU NYAU NYAU. Renji nzima!! Waliovaa viziba masikio walivua ili wasikie vizuri.

Halafu akanirudishia na neno juu: "Kijana, hii kamnunulie paka."

NYAU jamani. Mimi na ndevu zangu.

Na kinachonichoma ni kwamba hajui hata ile kitu inafanya nini. Anadhani naitumia inilengee. Leza kwenye mazoezi kazi yake ni umbea tu, inakusema ulivyo. Ukiibana triga kwa pupa na unatumia mkono wa kulia, doti inachupa chini kushoto kabla pini ya kufyatulia haijagonga, unaiona palepale, hakuna kusingizia risasi mbovu. Kwenye saiti za kawaida, vile vyuma vya kulengea juu ya bastola, kosa lilelile linajificha kwa sababu ni dogo, bastola ambayo saiti yake ya mbele na ya nyuma zimeachana sentimita 16, ukikosea milimita 1 tu pale juu ni zaidi ya sentimita 4 ukutani mita 7 mbele, sasa milimita 1 nani anaiona wakati anavuta? Doti inakuonyesha zile sentimita zote. Nilitaka kumweleza haya yote kwa utaratibu na adabu lakini kila nikifungua mdomo NYAU, nikifunga mdomo NYAU, nimetoka nje naelekea kwenye usafiri nasikia mtu mwingine kabisa, hata simfahamu, NYAU.

Mpaka sasa nimeshatumiwa picha za paka kwenye simu na watu ambao namba zao sina.

Nimrudishie nini huyu mtu? Matusi sitaki, sheria za jukwaa nimezisoma. NYAU!!!

---

Chemba_Tupu: Nimekaa paleee na bakuli langu la maziwa

BibiShabaha: Pole mwanangu. Ila nilikuwepo. Kabla hajafika ile doti yako ilikuwa inazunguka ukuta mzima, nikadhani unasaini mkataba.

Mwenye uzi: Shikamoo Bibi. Doti kutembea ni kawaida, hakuna mkono wa binadamu unaoganda, ndo maana yanaitwa MAZOEZI

BibiShabaha: Marahaba. Nimesema tu nilichokiona.

Mzigo45: Chai hii. Hakuna mtu mzima anaita paka renji

Chemba_Tupu: Kaka humjui huyo mzee wewe

Saiti_ya_Chuma: Mkuu pole lakini na wewe sikiliza. Ugonjwa wa leza ni huo huo wa kuifukuzia doti. Mtu anaisubiri ifike katikati, ikifika anajiambia "SASA!" anainyakua triga, na ndo inachupa. Iache itikisike, wewe endelea kubana triga polepole mpaka ijiachie yenyewe. Na usiiwashe muda wote, macho yanazoea kukaa ukutani, siku betri imekufa ukarudi kwenye saiti ya mbele unajikuta mgeni. Vuta kadhaa imezimwa, washa ujikague, zima tena. Na kama bastola yako ni ya .22 soma kwanza kitabu chake kabla ya kuvuta kavu, nyingi pini inagonga ukingo wa chemba inaharibu. Kuhusu mzee, amekosea. Ila nimecheka.

Mwenye uzi: Umecheka wapi sasa hapo

Saiti_ya_Chuma: Kwenye nyau

Kimya_Kimya: Ngoja ngoja. Huyu mzee si ndiye anatupigia kelele kila siku kwamba mtutu usiuelekeze kwenye kitu usichotaka kukipiga, hata kama bastola ni tupu? Na leo doti ilikuwa inacheza sakafuni katikati ya miguu ya watu? Doti iko pale mtutu unapotazama, hakuna maelezo mengine.

Mwenye uzi: ASANTE!!! Ilipita juu ya kiatu changu. Kiatu changu cha kushoto. Anasema NYAU mtutu uko kwenye kiatu changu

Mzigo45: Kiatu gani mkuu, weka picha

DaktariWaBetri: Mimi nasema kosa ni kununua nyekundu. Nyekundu nyingi ziko kwenye nanomita 635 mpaka 650, kijani ziko 520 mpaka 532, na jicho la mtu mchana linaona vizuri zaidi karibu na 555. Ndo maana nje juani nyekundu inapotea na kijani unaiona bado. Ubaya wake kijani mara nyingi inakunywa betri.

Chemba_Tupu: Na paka anapenda ipi Daktari, tumsaidie ndugu yetu

DaktariWaBetri: Paka nyekundu haioni vizuri hivyo, kijani ndo anaiona zaidi

Mwenye uzi: KWA HIYO HATA PAKA HAWAJUI!!! Sisi wa zamani sisi wa zamani hata paka hawajui!

Risasi_ya_Mwanga: Ungetumia ile leza ya umbo la risasi ambayo inakaa ndani ya chemba, inamulika pale tu pini inapogonga. Hakuna doti ya kuchezea sakafuni, aibu yote usingeipata

Mwenye uzi: Ninayo. Ile inakuonyesha ulipoishia tu, mimi nataka kuona nilivyopotea njiani

Chemba_Tupu: Kupotea njiani tumekuona

Kushoto_Kulia: Nyie mnalia kwa ajili ya nyau? Mimi jirani yangu wa upande wa kushoto, mnamjua naye, maganda ya risasi zake yote yanatua kwangu. Juzi moja la moto likaingia kwenye kola likashuka mgongoni, na bastola ninayo mkononi ina risasi, ikabidi niielekeze mbele, niiweke mezani vizuri, nirudi nyuma hatua moja, ndo nianze kuungua kwa utulivu. Yeye anasema samahani huku anaendelea kupiga.

BibiShabaha: Funga vifungo mwanangu, na uvae kofia yenye kingo.

Mtutu_Baridi: Afadhali ganda. Leza yangu nimeirekebisha mita 10 safi kabisa, nikisogea mita 5 napiga juu ya doti, nikirudi mita 20 napiga chini ya doti. Aliyeniuzia anasema ndivyo zilivyo. Wezi wakubwa.

Saiti_ya_Chuma: Hujaibiwa, ndivyo zilivyo. Leza iko chini ya mtutu, tuseme sentimita 4. Mistari miwili, wa leza na wa risasi, inakutana mita 10 basi. Mita 5 utapiga kama sentimita 2 juu ya doti, mita 20 kama 4 chini yake.

Kimya_Kimya: Mtutu_Baridi sentimita 2 umezionea wapi wakati karatasi yenyewe huwa unaikosa

Mtutu_Baridi: Wewe tulikutana lini?

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kesho nakutana naye

Mzigo45: Mada gani. Mimi kuna mtu anaazima viziba masikio vyangu kila wikiendi anarudisha vina nta. Simtaji, anajijua.

Kushoto_Kulia: Mgongoni imebaki alama ya duara kabisa, hata saizi ya risasi unaisoma

DaktariWaBetri: Paka mafuta, ziko za duka la dawa

Chemba_Tupu: Ameandika "paka" 😭😭😭

Mzigo45: Na aliyechukua kile kiufunguo kidogo cha skrubu za kurekebishia leza akirudishe, kilikuwa kwenye kiboksi cheusi mezani

BibiShabaha: Chenye utepe wa njano?

Mzigo45: Ndiyo Bibi, uko nacho?

BibiShabaha: Ninacho, lakini mimi nilipewa na Mtutu_Baridi.

Mtutu_Baridi: Mimi nilikiokota