Pijo 404 ya marehemu mzee imelala Wete tangu 1998, nataka kuiamsha, nianzie wapi?

Mtoto wa Wete
Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Mie niko Pemba, Wete. Marehemu mzee wetu kaacha Pijo (Peugeot) 404 saluni, kadi inasema 1967, injini ya petroli ya cc 1618, zamani ilikuwa teksi ya Chake na Wete na kile kibao cha juu bado kimo ndani ya buti. Mara ya mwisho kutembea ni 1998, toka hapo imekaa kwenye banda la makuti, baadae tukaezeka bati, matairi chini yote, iko juu ya matofali. Bodi kwa macho naiona nzima isipokuwa chini ya milango na pale penye betri, pale kidole kinapita. Vioo vyote vipo. Injini sijaigusa. Jirani yangu anasema tununue betri mpya tutie petroli tupige stata tuone kama itaitika, na fundi mmoja wa hapa kanambia nisijisumbue, nitoe injini nitie ya Toyota. Mie nataka iwe vile vile ilivyokuwa, gari hii ndo iliyotusomesha sote pale nyumbani. Nianze na nini, nini nisiguse, spea ntapata wapi? Sina haraka, pesa natia kidogo kidogo kila msimu wa karafuu.

Spana ya Ng'ambo
Waalaykum salaam mdogo wangu. Jirani mwambie betri aiweke pembeni kwanza. Gari iliyokaa miaka yote hiyo ringi za pistoni zinashikana na silevu (yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) kwa kutu, valvu nyengine zinagandia kwenye gaidi, yaani vijibomba zinamopita, na ukipiga stata kwa nguvu unakwangua silevu au unapinda pushrodi, zile fimbo zinazosukuma valvu, hapo injini ambayo ilikuwa nzima unaiua mwenyewe kwa dakika moja.

Fanya hivi. Plagi za 404 zimekaa ndani ya mashimo marefu juu ya hedi (kile kifuniko cha juu cha injini), na yale mashimo saa hizi yamejaa vumbi, vinyesi vya panya na nyumba za nyigu. Kabla hujafungua plagi hata moja puliza mle kwa upepo mpaka pawe safi, vyenginevyo uchafu wote unaangukia juu ya pistoni. Ukishatoa plagi mimina kila silinda oili ya gia otomatiki kiasi, changanya na dizeli kidogo ipenye vizuri, funika kwa kitambaa, iache. Wiki, wiki mbili, ongeza tena. Halafu ishushe kwenye matofali, tia gia ya nne usukume gari mbele nyuma kwa mkono, taratibu, au kama hendeli yake ya kuzungushia ipo tumia hiyo. Ikigoma usilazimishe, tia oili tena usubiri. Ikizunguka kwa mkono duru nzima mara kadhaa bila kukwama popote ndo tutazungumza habari za betri.

Na kabla ya yote hayo fungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, utizame kinachotoka. Hili usilisahau.

Ummu Suhayla
Kaka, kabla ya spana nna neno. Hiyo gari ni ya marehemu, mana'ake ni mirathi. Umesema imekusomesheni sote, basi na haki ni ya wote, na mama kama yupo na fungu lake lipo. Leo chuma kimelala hakuna anayeulizia, siku ikitoka bandani inang'ara na watalii wanaipiga picha ndo utasikia. Kaeni kitako ithaminiwe kama ilivyo sasa hivi, wenzio uwalipe fungu lao au wakuachie kwa radhi zao, muandikishiane. Kama mirathi hamjagawa basi nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakupeni utaratibu, na kadi ibadilishwe jina. Usitie hata shilingi kabla ya hapo. Nasema kwa kuwa nnaona jinsi watu wanavyokosana kwa vitu hivi, na mzee wenu hangependa.

Karafuu Kavu
Ushauri wa dada hapo juu ni mkubwa, ufuate. Ila kwenye injini mie niko na yule fundi. Spea za Pijo hapa visiwani hakuna kabisa, utasubiri gasketi kutoka Ulaya miezi, wakati injini ya K ya Toyota unaipata Dar unavuka nayo kwa boti na kila fundi anaijua. Gari ni ya kutembea bwana.

Spana ya Ng'ambo
Karafuu Kavu nakuheshimu lakini 404 hukuifungua. Propela shafti yake haiko wazi kama ya Toyota, iko ndani ya bomba la chuma lililofungwa kutoka gia boksi mpaka difu, na lile bomba ndo linaloshika eksile isicheze. Ukitoa gia boksi ya Pijo ukatia ya Toyota lile bomba halina pa kushika, inabidi utoe na eksile ya nyuma nzima, ubadilishe spring, uchomelee vishikio vipya kwenye bodi ya zamani. Ukimaliza una Toyota iliyovaa nguo ya Pijo, na uzuri wa 404 wa kutulia kwenye njia mbovu ushaondoka. Gari hizi zimeshinda Safari Rally mara nne, 1963 na 1968 na Nick Nowicki, 1966 na 1967 na Bert Shankland wa hapo Dar es Salaam, nyengine zilikuwa za injekisheni lakini umbo na miguu ni hii hii. Na spea zipo, zimetengenezwa zaidi ya milioni 2 na laki 8 duniani, Ufaransa na Ujerumani kuna watu kazi yao ni hiyo tu, na Kenya zilikuwa nyingi mno hasa pikapu. Agiza mara moja kwa pamoja: seti ya gasketi, mipira ya brek yote, dayaframu ya fyueli pampu, vifaa vya kabureta ya Solex (soma namba iliyopigwa kwenye kabureta yako kwanza), pointi, kondensa, hozi.

Sasa difu, na hapa mafundi wengi wanaharibu. Difu ya 404 haina kroni na pinioni za kawaida. Ni skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili ya difu hizi za kawaida, ile 90 yenye harufu kali, ina salfa inayokula shaba. Kiwandani walitia oili iliyotokana na mbarika. Siku hizi watu hutumia Castrol R40 ile ya mashindano ambayo ni ya mbarika, au oili ya viwandani ya gia za skrubu iliyoandikwa kuwa haidhuru shaba. Usichanganye ya mbarika na ya madini, zinakataana zinafanya ute, kwa hiyo mwaga yote ya zamani, suuza, ndo utie. Na mafuta ya mbarika ya dukani yale ya kunywa usitie. Gia boksi nayo inakula oili ya injini, sio 90. Fundi akikwambia gia boksi zote ni 90 mwambie hii siyo.

Mwana wa Mkoani
Mie naongeza la maji tu. Hedi ya 404 ni alumini na maji ya visima vyetu ni chokaa tupu, vya karibu na pwani vina chumvi kabisa. Usitie. Kinga maji ya mvua masika hii kwenye ndoo safi, au nunua maji ya betri, uchanganye na kulanti, ile dawa ya rejeta. Ukitia maji ya kisima hedi inaliwa ndani kimya kimya. Rejeta usiizibue kwa waya, ipeleke kwa anayejua kuifungua juu na kuisafisha. Tangi la petroli litoe, usilioshe likiwa kwenye gari, petroli ya zamani inakuwa kama gundi na harufu yake inachoma macho. Na usichomelee tangi wala usiliweke karibu na moto hata likiwa kavu miaka ishirini, mvuke unabaki.

Rangi ya Jang'ombe
Brek kabla ya kuwasha. Nimeona watu wanafurahi injini imelia wanatoka nayo na masta silinda kavu. Fungua ngoma zote nne, vumbi la viatu vya zamani usilipulize kwa upepo, lina asbesto, futa kwa kitambaa kibichi. Wili silinda zikiwa na mashimo ya kutu usizisugue kwa msasa ukaridhika, badilisha. Oili ya brek mpya, mipira mipya, hozi mpya.

Bodi: pale penye betri pasikushughulishe sana, ni bati tu. Tizama juu ya miguu ya mbele ndani ya boneti, pale zinaposhika shokamzoba juu. Gonga kwa bisibisi. Ikizama, hapo ndo pesa yako ya kwanza iende, kwa sababu mguu ukitoboka juu ukiwa mwendoni gari haishikiki tena. Usikubali waweke fiba na puti wapake rangi, kwa hewa yetu ya bahari kutu inaendelea chini yake. Kata mpaka chuma kizima, chomelea bati jipya. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Mtoto wa Wete
Allah akujazini kheri nyote. La mirathi tumelimaliza, tulikaa na ndugu zangu na mama, wameniachia kwa radhi zao na tumeandikishiana mbele ya sheha, kadi naishughulikia. Miguu ya mbele nimegonga, mizima. Injini bado haijazunguka, nimetia oili nasubiri. Ila nati ya sampu nimefungua, yakatoka maji kwanza, kama kikombe, ndo ikafuata oili nyeusi. Hii maana yake injini imekufa?

Spana ya Ng'ambo
Haijafa. Silevu za 404 zinakaa ndani ya maji moja kwa moja, na chini yake kuna mipira na karatasi za kuziba, zikikauka maji yanashuka kwenye sampu. Pengine ni hiyo, pengine gasketi ya hedi. Vyovyote vile acha kuizungusha, hedi inatoka. Mwaga maji yote ya bloku kwanza. Legeza bolti za hedi kidogo kidogo kwa kupokezana, usifungue moja mpaka mwisho. Hedi usiinyanyue kwenda juu moja kwa moja, imeganda na silevu, itazing'oa. Iyumbishe ubavuni mpaka iachie. Ikishatoka, kabla hujazungusha chochote, shikilia silevu kwa washa kubwa na bolti za hedi ili zisipande. Zile karatasi za chini zinakuja kwa unene tofauti na silevu lazima zitokeze juu ya bloku sawasawa zote, kwa hiyo usiagize seti mpaka tumepima. Piga picha kila silevu kwa juu na ndani uweke hapa, na fundi wako asing'oe hata moja mpaka tuzione.