Bodi ya "betri ya lithiamu" inayokula betri ikiwa imelala!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Nilinunua kifaa kidogo cha kupima joto, ni bodi ya kielektroniki tu. Kwenye maelezo wamejisifu: "inatumia betri ya lithiamu, umeme kidogo sana". Kinaamka kila baada ya dakika 10, kinapima, kinarusha data, kinalala. Nikakifunga kwenye betri ya 2,000 mAh nikijua tutaonana mwakani. Siku ya 12, kimya. Nikadhani betri mbovu, nikachaji upya. Siku ya 12 tena, kimya.

Muuzaji kanijibu: "Weka betri kubwa zaidi." Yaani ndoo inavuja, naambiwa ninunue pipa!

Nikatoa multimita, nikaipitisha kwenye waya chanya. Bodi imelala fofofo, mita inasoma miliampea 6.5. Chipu yenyewe ikilala inataka maikroampea 10 tu, sasa huo mwingine unakwenda wapi? Nikaangalia kwa lenzi: regyuleta, yaani kidude kinachoshusha volti za betri hadi 3.3 ambazo chipu inataka, ni AMS1117. Kidude hiki kinakula karibu miliampea 5 kwa ajili ya tumbo lake, hata kama hakuna kazi. Uliobaki ni wa taa nyekundu ya LED, inayowaka usiku na mchana kumjulisha sijui nani, maana bodi iko ndani ya boksi! Jumla 156 mAh kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Na AMS1117 inataka volti inayoingia iizidi inayotoka kwa 1 na kitu. Betri ya lithiamu ikijaa pomoni ni 4.2, ikikaribia kuisha ni 3. Hiyo 3.3 itatoka wapi? Haitoki hata siku ya kwanza. Aliyechora bodi hii aliwaza adapta ya volti 5, kisha akabandika soketi ya betri ili auze.

Halafu kuna nyie wa "tumia pawabenki". Pawabenki inapandisha 3.7 kuwa 5, bodi inashusha 5 kuwa 3.3, unapoteza mara mbili. Tena nyingi zikiona mzigo mdogo hivi zinajizima. Kuna mtu alinishauri niongeze rezista ichome umeme makusudi ili pawabenki isilale. Jamani!

Nimeing'oa AMS1117, nimeweka regyuleta nyingine, MCP1700, inayojilia maikroampea 1.6 tu. Ile ya umbo la TO-92 (la miguu mitatu mirefu) mguu wa umeme kuingia na wa kutoka imebadilishana nafasi ukilinganisha na AMS1117, ikabidi niipindishe miguu na kuivisha mpira isigusane. LED nimeikwangua. Sasa mita inasoma maikroampea 12. (Mkipima, msiiache mita kwenye kipimo cha maikroampea wakati bodi inaamka. Volti inaangukia ndani ya mita, bodi inajiwasha upya kila mara. Jioni yangu nzima iliishia hapo.) Redio yangu ya kurusha data ni ndogo, wenye Wi-Fi tafuteni nyingine, MCP1700 mwisho wake ni miliampea 250.

Kazi ya nusu saa, ambayo ilipaswa kufanywa kiwandani. Muuzaji nimemtumia picha ya mita. Kaisoma, hajajibu, na maelezo ya bidhaa bado ni yale yale.